Kidhibiti Mwendo na Hesabu ya Mdosi

Jumatatu ya tarehe 2 Februari 2004, Nairobi ilienda kazini kwa miguu. Siku moja kabla, kanuni mpya za magari ya abiria zilikuwa zimeanza kutumika. Kila matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kuizuia isipite kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama kwenye kila kiti, na mstari wa manjano ubavuni. Nissan ilikuwa ibebe abiria 14, basi, hakuna mambo ya "songeni kidogo". Dereva avae buluu, kondakta avae rangi ya damu ya mzee, na picha ya dereva ibandikwe mahali abiria anaiona. Gari ambalo halikuwa limetimiza hayo lilibaki nyumbani, na mengi yalikuwa hayajatimiza. Watu wakatoka mitaani wakitembea kandokando ya barabara. Ajabu ni kwamba wengi wao, pamoja na vumbi na jasho lote hilo, walikuwa upande wa serikali.

Waziri wa Uchukuzi wakati huo alikuwa John Michuki. Kanuni zenyewe zilichapishwa Oktoba 2003 kama Tangazo la Kisheria nambari 161, lakini nani analijua jina hilo? Zinaitwa Sheria za Michuki hadi leo, zaidi ya miaka kumi baada ya mwenyewe kufariki. Mimi zilinikuta mtoto mdogo. Nimekua nikisikia zikitajwa vile wazee wanavyotaja mvua nzuri ya zamani: wakati ule kulikuwa na nidhamu, wakati ule matatu ziliogopa. Ajali kubwa ikitokea, hakosi mtu redioni wa kusema tunahitaji Michuki mwingine.

Hadithi hiyo imesimuliwa sana kama hadithi ya mwanamume mkali. Nataka kuisimulia kama hadithi ya kifaa, kile kisanduku kilichofungwa ndani ya gari, pamoja na vifaa vyote vilivyokifuata. Kwa zaidi ya miaka 20 Kenya imekuwa ikinunua mashine za kuokoa watu barabarani. Mwaka 2024 watu zaidi ya 4,700 walikufa kwenye barabara hizo, kwa takwimu za NTSA yenyewe, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani. Ukizifuata mashine hizo moja moja utaona jambo: karibu kila moja iliwekwa kumwangalia dereva, na chache sana ziligusa kinachomkimbiza.

Kinachomkimbiza kina historia ndefu kuliko Michuki. Mabasi halali ya Nairobi yalikuwa ya Kenya Bus Service, yaliyoanza mwaka 1934 chini ya kampuni ya Uingereza, na hayakufika kila mahali watu walikoishi. Vigari vya watu binafsi vikaziba pengo. Nauli ilikuwa senti 30, sarafu tatu za senti kumi kumi, na kwa neno la Kikuyu la kuhesabia sarafu hizo tatu tukapata jina matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akaziruhusu zibebe abiria bila leseni ya magari ya umma. Sheria ya kuzitambua na kuzikagua ilikuja 1984. Katika miaka hiyo 11 biashara ilijijenga yenyewe bila kuulizwa na mtu, na kanuni moja iliyoizoea ndiyo bado inaiendesha: hesabu.

Hesabu ya mdosi ni hivi. Mwenye gari hampi dereva mshahara wa mwezi. Anamwachia gari alfajiri na kumwambia kiasi cha pesa anachotaka kuona jioni. Kiasi hicho hakijui kama kulinyesha, kama foleni ilifunga, au kama trafiki alisimamisha gari mara nne. Dereva akishatoa ya mafuta, ya sacco, ya steji na ile ya njiani, akaweka hesabu kando, kinachobaki ndicho chake na makanga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya siku dere anamfanyia mtu mwingine kazi. Pesa yake mwenyewe inaanza kuingia mchana umeshaenda, na tripu moja zaidi ndiyo inaamua kama nyumbani kutapikwa. Mtu wa aina hiyo ukimwambia apunguze mwendo, umemwambia apunguze mshahara.

Sasa kirudishe kile kisanduku cha 2004 mbele ya mtu huyu. Kilikuwa kifaa cha kawaida tu: kinapima mwendo, gari likifika 80 kinabana mafuta, dere anakanyaga na gari linakataa. Miezi ya mwanzo kilifanya kazi, au tuseme woga ulifanya kazi. Polisi walijaa barabarani, kesi zilijaa mahakamani, na abiria wenyewe walikataa kupanda gari lililojaa. Halafu mafundi wakakaa chini na kifaa. Waya ulikatwa hapa, swichi ikafichwa pale, na dereva akawa anakiwasha akiona kizuizi cha polisi na kukizima akishapita. Mikanda nayo ilichakaa kiasi kwamba ukiifunga unaogopea shati lako. Nimeona mara nyingi gari zima likivuta mikanda magotini kwa pamoja baada ya makanga kunong'ona "karao mbele", bila hata mmoja kufungwa. Wote wanaishikilia kwa mkono, wakitazama nje.

Nani hasa alikuwa na sababu ya kutaka kifaa hicho kifanye kazi? Mwenye gari alitaka hesabu yake. Dereva alitaka kinachobaki. Fundi alilipwa kukifunga, na angeweza kulipwa tena kukinyamazisha. Askari asiye mwaminifu alikuwa na faida zaidi kwa gari lenye kidhibiti kibovu kuliko lenye kizima, maana lile bovu lina cha kutoa dirishani. Aliyekuwa na shingo yake mle ndani ni abiria, na kifaa hakikuwa kikimwambia lolote. Hakikuwa na taa iliyomtazama yeye wala kengele ambayo angeisikia.

NTSA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2012, na ikaja na vifaa vya kizazi chake. Mwisho wa 2013 iliingia Alcoblow, kile kipimo cha pombe cha kupuliza. Kwa muda kilitisha kweli, hadi wenye baa wakalalamika kwamba biashara imekufa. Lakini kanuni zilizokibeba zilikuwa na walakini, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikazitupa kwa sababu hazikulingana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Kipimo kilikuwa kizima. Aliyeyumba ni aliyeandika kanuni.

Mwaka 2014 ikawa zamu ya nauli. Serikali iliagiza tulipe kwa kadi. Kulikuwa na BebaPay, ya Google na benki ya Equity, kulikuwa na My 1963, na nyinginezo. Mpango huu ulichekwa sana, lakini nadhani kati ya yote ndio uliokaribia zaidi kugusa kidonda. Nauli ikiingia kwenye mfumo, mwenye gari anajua gari limepata nini, anaweza kuajiri kwa mshahara, na hesabu haina tena kazi. Shida ni kwamba hakuna aliyemuuliza dere na makanga wataishi vipi siku ya kwanza ya kadi. Makanga alinyang'anywa pesa taslimu anazolipia mafuta na mambo ya njiani. Mwenye gari aliona mapato yake yakianikwa mbele ya mtoza ushuru. Abiria aliambiwa aweke pesa kwenye kadi kwa ajili ya safari ambayo bei yake hupanda wingu likitanda. Wote watatu wakakataa bila kuandamana. Ukitoa kadi unaambiwa mashine imeharibika, lete keshi. Mwaka 2015 Google ikaifunga BebaPay. Leo tunalipa kwa simu, na mara nyingi pesa inaingia kwenye nambari ya makanga mwenyewe. Teknolojia ilifika, hesabu ikabaki palepale.

Wakati huo barabara haikungoja. Agosti 2013 basi lilianguka Ntulele, njia ya Narok, likaua watu 41, na kabla mwaka haujaisha serikali ikapiga marufuku safari za usiku. Baadaye marufuku ikageuka kibali: mabasi yanayotimiza masharti yaruhusiwe. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa 36. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliiondoa NTSA barabarani na kuwarudishia polisi wa trafiki kazi yote. Oktoba 2018 basi lililotoka Nairobi likienda magharibi mwa nchi lilipinduka Fort Ternan kabla ya mapambazuko, na zaidi ya watu 50 hawakufika. Polisi walisema basi hilo halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Yeyote anayesafiri njia hiyo anajua vizuizi vya polisi vilivyoko kati ya Nairobi na Fort Ternan. Basi zima lilipita, likiwa na taa zake na abiria wake.

Tarehe 12 Novemba 2018 serikali ikatangaza kwamba Sheria za Michuki zimerudi. Ilikuwa Jumatatu pia. Magari yakajificha, na Nairobi ikaenda kazini kwa miguu kwa mara nyingine, miaka 14 baadaye, kwa kanuni zilezile. Kanuni ambazo, ukiuliza wakili, hazikuwa zimefutwa siku hata moja.

Hadi hapa nimezungumza ajali. Lakini kuna hofu nyingine ambayo imelipiwa mashine kubwa zaidi. Novemba 2012 bomu lililipuka ndani ya matatu Eastleigh. Mei 2014 mabasi mawili yalilipuliwa siku moja Thika Road. Katikati ya hayo, Septemba 2013, likaja shambulio la Westgate lililoua watu 67. Kwenye baadhi ya steji makanga akapewa kile kifaa cha kupapasia abiria. Kililia kwa funguo, kikalia kwa simu, kikalia kwa bakoli ya alumini, na baada ya wiki chache kililia na hakuna aliyegeuza kichwa. Mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kandarasi ya takriban shilingi bilioni 15 ya kujenga mtandao wa mawasiliano wa polisi, na ndani yake kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Kamera zikapanda milingotini kwenye makutano ya barabara, zikitazama magari na waendao kwa miguu usiku na mchana.

Tangu Juni 2024 zinatazamwa kwa jicho jingine. Baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, watu walianza kuchukuliwa njiani na majumbani na watu wasiojitambulisha. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 kati ya Juni na Desemba mwaka huo. Magari yaliyotumika yalipita barabarani kama gari lingine lolote, maana hakuna njia nyingine ya gari kupita. Mtu wa rika langu akipita chini ya kamera sasa anajiuliza swali ambalo halikuwepo kwenye mkataba wa 2014: picha hii inamwona nani, na ni familia ipi itakayoruhusiwa kuiomba? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ila mama anayemtafuta mwanawe hatafuti kifungu cha sheria, anatafuta nambari ya gari.

Swali ni lilelile tuliloliona kwa kisanduku cha Michuki, limekua tu. Mashine inaweza kuona vizuri kabisa. Kinachoamua ni inamwambia nani ilichokiona, na huyo aliyeambiwa ana sababu gani ya kusimama.

Hili si la kubahatisha. Limewahi kupimwa hapa hapa. Watafiti watatu wa uchumi, Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer, walifunga vifaa vya GPS kwenye matatu zaidi ya 200 za Nairobi na kuwaonyesha baadhi ya wenye magari, kwenye simu zao, gari limekwenda wapi, kwa kasi gani, na limefanya kazi muda gani. Hiyo ndiyo ndoto ya kila anayeuza mfumo wa kisasa wa uchukuzi. Ilifanya kazi, kwa mwenye gari. Madereva walifanya kazi zaidi, wakaacha njia mbovu zinazoharibu gari, faida ikapanda. Usalama wa abiria haukubadilika. Mwenye gari alikuwa na taarifa za mwendo mkononi, akazitumia kulinda shokamzoba zake. Mabadiliko ya uendeshaji yalionekana pale watafiti walipowalipa madereva wenyewe pesa kidogo kwa kuendesha kwa usalama.

Utafiti wa pili ulitangulia huo kwa miaka kadhaa, na chombo chake kilikuwa karatasi. James Habyarimana na William Jack, wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walibandika stika ndani ya matatu za safari ndefu. Zilimhimiza abiria afungue mdomo dereva akikimbiza gari vibaya. Ili stika zisibanduliwe, madereva waliozitunza waliingizwa kwenye bahati nasibu. Madai ya bima kwenye magari hayo yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio lilirudiwa kwa magari maelfu, kwa jina la Zusha, na madai yakapungua kwa kati ya robo na theluthi. Soma tena: karatasi yenye gundi, isiyo na waya, betri wala seva.

Kwa nini ilifanikiwa? Mimi naona ni kwa sababu ilimfikia mwenye shingo. Kila aliyewahi kukaa kwenye matatu inayokimbia ovyo anakijua kile kimya. Wote mnaogopa, kila mtu ameshika kiti cha mbele, na hakuna anayesema kwa sababu hakuna aliyesema. Ukijitokeza peke yako makanga anakuambia ukanunue gari lako. Stika ilimwambia abiria kwamba anaruhusiwa, na ikawaambia wote kwa wakati mmoja. Sauti moja ikitoka, ya pili inaifuata. Pia dereva hawezi kumzima abiria kwa swichi ya siri, wala kumkunjia noti ya mia mbili.

Mfano wa tatu ni wa simu tunazobeba wote. Kuanzia mwaka 2012 Ma3Route ilikusanya habari za barabarani kutoka kwa wasafiri wenyewe: foleni iko wapi, ajali imetokea wapi, dereva gani anapanda ukingo wa barabara. Tuliiona kama mahali pa kulalamikia. Watafiti wa Benki ya Dunia wakachukua zaidi ya ripoti 870,000 kutoka huko na kuzitumia kuchora mahali ajali za Nairobi zinaporundikana, wakiwatuma waendesha pikipiki kuhakikisha. Rekodi za polisi zilikuwa kwenye karatasi vituoni. Ramani ya hatari ya jiji ikatoka kwenye manung'uniko ya abiria waliokwama kwenye foleni. Kabla yake, mwaka 2014, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na vyuo vya Marekani walipanda matatu na simu mkononi na kuchora njia zaidi ya 130 za jiji, ramani ambayo dola haikuwahi kuichora tangu mwaka 1973.

Sasa tunaambiwa awamu mpya inakuja: vidhibiti vinavyotuma taarifa za mwendo moja kwa moja kwa NTSA, kamera zinazosoma nambari, faini zinazotumwa kwa simu, taa zinazohesabu magari zenyewe. Sizipingi. Askari asiposhika karatasi ya faini, hapati pa kushikia noti, na hilo pekee ni jambo. Lakini faini inayomwendea dereva mwenye hesabu inaingia tu kwenye hesabu. Atailipa kwa kukimbia zaidi kesho yake. Mfumo wowote ule, kabla haujafungwa, una maswali matatu ya kujibu. Dereva analipwa mshahara au anafukuzana na hesabu? Abiria anaona mwendo wa gari alilomo, kwenye skrini inayomtazama yeye? Na takwimu za kila sacco zitachapishwa mahali ninapoweza kuzisoma kabla ya kuchagua gari la kwenda nyumbani Krismasi, au zitalala ofisini?

Swali la nne ni la wasiopanda gari lolote. Zaidi ya theluthi moja ya wanaokufa barabarani Kenya ni watembea kwa miguu, na hakuna kidhibiti, kadi wala Alcoblow iliyowahi kununuliwa kwa ajili yao. Thika Superhighway ilipofunguliwa mwaka 2012 ilikuwa fahari ya Afrika Mashariki, na watu wa Githurai na Roysambu walivuka njia zake nane wakikimbia kwa sababu madaraja ya kuvukia hayakutosha. Suluhisho la kwanza lilikuwa matuta. Tuta la lami ni teknolojia ya zamani, linachukiwa na kila dereva, na halina programu ya kuliongoza. Lakini halina swichi, halichukui chai, na linamwona anayevuka hata akiwa hana simu.